Kisima cha Upande wa Kushoto

Mbuzi wa Akai ndio waliokuwa wageni wa kwanza wa mfalme. Waliingia asubuhi moja bila hodi, wakapita ukumbini, wakaacha vinyesi vyao katika chumba cha malkia, kisha wakatokea nyuma na kwenda zao. Mzee Mohamedamin aliwarushia kokoto huku akiwatukana kwa lugha ya kwao, na Akai mwenyewe, mwanamke mwenyeji wa hapo, akasimama pembeni akimcheka mpaka shanga za shingoni zikagongana.

"Ejok," akamsalimu alipochoka kucheka. "Mzee, unafukuza mbuzi kwa nyumba gani? Mimi naona mawe tu."

Mawe tu ndivyo yalivyokuwa, wala usimlaumu Akai. Palikuwa ukingoni mwa mto Tarach, hapo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka wa tisini na nane, na mto wenyewe ni wa mchanga siku zote ila zile chache ambazo mvua hunyesha milimani. Mohamedamin alikuwa ameokota mawe ya ukubwa wa ngumi na kuyapanga mstari baada ya mstari. Huu ukuta wa nje, hili lango, huu ukumbi, hivi vyumba tisa, huu msikiti mdogo. Lilikuwa kasri la Mwayuni, nusu ya ukubwa wake, na kila hatua aliijua kwa miguu kwa sababu lile la kweli alilizunguka kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwayuni ni mji mdogo wa pwani, mbali kusini mwa Mogadishu, mji wa wavuvi na wafuma nguo. Nje ya mji, juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, yapo magofu ya kasri la wafalme waliotawala pwani ile karne nyingi zilizopita. Mohamedamin alikuwa mlinzi wake wa serikali. Alipewa kofia, filimbi na ufunguo wa lango, na asilogwe mtu akaucheka ule ufunguo mbele yake, hata kama ukuta wa ubavuni mwa lango ulikuwa umebomoka kiasi cha kupitisha ng'ombe na ndama wake.

Hakuna aliyepita hapo lakini, si ng'ombe si mtu. Watu wa Mwayuni wana desturi yao. Bibi harusi hupelekwa kasrini, na mwenye kupona ugonjwa hupelekwa, na anayesafiri hupelekwa. Wanafika langoni, wananawa miguu, wanapiga hodi mara tatu, wanasubiri. Mwenye nyumba haitikii, maana amekufa yeye na kizazi chake chote. Basi wanageuka na kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo ziara nzima. Nyumba ya mtu haiingiwi kama mwenyewe hajasema karibu, awe amekufa jana au awe amekufa zamani za mababu.

Mohamedamin peke yake aliingia, kwa sababu kazi ni kazi. Aliingia na mama mmoja wa Kizungu aliyekuja kuchimba na kupima, akamshikia kamba misimu minne. Mji ukamtazama kwa jicho la pembeni. Mkewe alipofariki akijifungua, hakuna aliyemwambia neno, ila kila mtu alilifikiria neno lile lile, kwamba aliingia bila kukaribishwa, na binti yake Sadiyo alikua akiliona machoni mwa watu.

Kisha ikaja vita. Wakakimbia kwa mashua hadi Mombasa, wakakaa kambini miaka mitano, na kambi za pwani zilipofungwa wakapakiwa kwenye mabasi na kuletwa Kakuma, mahali ambapo hata chumvi utaionja kwa jasho tu. Walikuwa watatu: yeye, Sadiyo, na Istahil, mtoto wa Sadiyo, mwenye miaka saba. Baba wa mtoto alibaki baharini siku ile ya mashua, na habari zake zikaishia hapo.

Istahil alikuwa anapoteza macho. Kidogo kidogo, kama mtu anayefungiwa mlango taratibu ili asishtuke. Daktari wa macho aliyepita mjini Lodwar alimwangalia kwa tochi, akasema mtoto anahitaji upasuaji ambao hapa haufanyiki, na kwamba ukipita mwaka mmoja hata huko ng'ambo hautafaa kitu. Sadiyo alirudi kambini siku hiyo akapika uji na hakumwambia mtu mwingine ila baba yake. Tangu hapo mwaka ule ukawa unahesabiwa ndani ya nyumba ile bila kutajwa.

Kasri la mawe Mohamedamin alilianza kwa ajili ya mtoto. Alitaka aone kitu cha kwao angali anaona. Alimshika mkono akampitisha vyumbani, na Istahil akavijua vyote kwa hatua: saba za ukumbi, tatu za chumba cha malkia. Baada ya miezi miwili alikuwa anatembea humo peke yake, macho juu, nyayo zikigusa mawe, wala hakosei.

Kisima tu ndicho kilichomletea mzee taabu. Katika kasri la kweli, ukiingia langoni bahari ikiwa nyuma yako, kisima kiko upande wa kulia. Lakini hapo Kakuma, upande wa kulia, palikuwa na mti wa mgunga. Mohamedamin alikuja na panga asubuhi, na Akai akamtokea hajui kutoka wapi.

"Hiyo mti ni ya baba yangu," alisema. Hakuwa anacheka. "Mbuzi yetu inakula tunda yake wakati wa njaa. Babu yangu alipewa, baba akapewa, sasa sisi. Wewe weka mawe yako, hakuna mtu anakataa. Lakini mti usiguse."

Hapo kingo zote za mto zina wenyewe, mti kwa mti, na Mohamedamin, mtu wa desturi, alielewa. Aliomba radhi. Akakipanga kisima upande wa kushoto. Wageni wa mwanzo aliwaambia: kweli yake kiko kule penye mti. Baadaye aliona maelezo hayo yanaharibu utamu wa matembezi, akayaacha.

Maana wageni walikuja. Na kwa nini wasije, Kakuma kuna nini kingine cha kutazama? Walikuja Wadinka warefu kutoka upande wa pili wa kambi, wakainama pasipo na dari. Walikuja wanawake wenye kuni, walikuja walimu. Mzee alivaa kofia yake ya zamani, akapuliza filimbi, akawatembeza. Ilipofika mvua ya Aprili na Tarach kuteremka na maji mekundu kwa siku nzima, kasri likawa kando ya maji kama kwao, na Mohamedamin akaketi langoni akalia machozi mbele za watu bila haya.

Watu wawili tu hawakukanyaga pale. Mmoja ni mjane wa Haji Obo, kikongwe wa Mwayuni aliyezunguka njia ndefu ya jua kali kuliko kuyasogelea yale mawe. Wa pili ni Sadiyo.

"Ni kokoto, mwanangu," baba yake alimwambia.

"Kama ni kokoto, kwa nini unavaa kofia?" alimjibu.

Mwezi wa sita likabandikwa tangazo. Nchi moja ya mbali ingechukua watu wa miji midogo ya pwani ya kusini, na Mwayuni ilitajwa kwa jina. Mahojiano yangefanyika Lodwar, mtu mmoja kwa kila familia, na penye mtoto angeulizwa mzazi wake. Kufumba na kufumbua, kambi ikajaa watu wa Mwayuni. Wengine walikuwa hawajaiona bahari ila juzi juzi tu, dirishani mwa basi. Abdiweli, aliyezaliwa bara kwenye ngamia na kuendesha malori maisha yake yote, alikuja na wenzake kumi.

"Wallahi mzee, sisi nataka kuona nyumba ya mfalme tu," alisema, mikono kifuani.

Mohamedamin hakuwa mjinga. Alijua wanachotaka ni majibu ya kwenda nayo Lodwar. Lakini kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amelinda nyumba ambayo watu wake mwenyewe walikataa kuiingia, na sasa wanaume wazima walikuwa wakimfuata wakihesabu milango kwa sauti, wakimuuliza mfalme alilala wapi na alitazama nini alipoamka. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli. Aliwatembeza asubuhi na jioni wiki mbili, mpaka Abdiweli akawa anaweza kulala na kuamka kasrini kama mjukuu wa sultani.

Na kadiri walivyojua, ndivyo hofu ilivyomwingia. Hawa watajibu kila kitu. Sadiyo, mzaliwa wa Mwayuni kwa baba na mama, ataulizwa vyumba vingapi na atasema sijui. Ataitwa mwongo, na Abdiweli atapanda ndege.

Alimsihi siku tatu. Mara ya kwanza Sadiyo alitoka nje. Mara ya pili alisema, "Mama alikufa." Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa. Mara ya tatu hakumsihi yeye. Alimwita Istahil, akamwambia, "Mwambie mama yako vidole hivi ni vingapi," na akainua vitatu. Mtoto alisogea, akasogea tena, akasema viwili. Ilikuwa ukatili, na alijua ni ukatili wakati anaufanya.

Jioni ile Sadiyo alikuja mtoni. Alikuwa na kopo la maji. Alisimama mbele ya lango la kokoto, akanawa miguu, mmoja, wa pili, akajitanda vizuri.

"Hodi," aliita.

Baba yake alikuwa ndani, ukumbini, na kofia yake.

"Hodi," aliita tena. Sauti ilikuwa ya mamake kabisa. "Hodi."

Kimya. Mbali huko mtu alikuwa anagonga bati. Sadiyo alisubiri kama watu wa kwao wanavyosubiri, uso chini, na kisha bega lake likaanza kugeuka kurudi nyumbani. Mohamedamin aliliona lile bega.

"Karibu," alisema. "Karibu, mwanangu, ingia."

Sadiyo aliinua uso akamtazama. Halafu akainua mguu akaupitisha juu ya mawe, shingo upande, akaingia. Walimaliza kabla ya magharibi. Alikuwa mwepesi wa kushika, kuliko wote. Alirudia mara moja tu. Ukumbi hatua saba, vyumba tisa, msikiti nyuma, kisima kushoto.

Lodwar walifika kwa lori, msafara mzima nyuma ya gari la polisi. Mohamedamin alikaa kibarazani na Istahil tangu asubuhi, joto likipanda kutoka chini. Waliingia mmoja mmoja. Abdiweli alitoka akitabasamu mpaka gego la mwisho. Mjane wa Haji Obo aliingia akatoka kabla hujamaliza kikombe cha chai, na watu wakamsikitikia. Sadiyo alikaa humo karibu saa nzima.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Alimbeba Istahil, msichana mkubwa vile, akamzungusha.

"Nimesema yote, baba. Hakuna nililosahau. Hata kisima."

"Ulisema kiko wapi?" aliuliza, kwa mazoea tu, kama mwalimu.

"Kushoto. Si kushoto?"

Hapo ndipo alipoyaona. Aliyaona magofu ya kweli, jua la asubuhi, yeye na kamba mkononi, yule mama wa Kizungu amepiga magoti kwenye mdomo wa kisima, na bahari iko wapi? Iko nyuma yake. Na mkono upi unashika kamba, na ukuta uko upande upi. Kulia.

"Ndivyo," alisema.

Njia nzima ya kurudi Sadiyo aliimba. Alikuwa hajaimba tangu mashua. Mohamedamin alishika ubao wa lori, na kwa wiki tatu zilizofuata hakumwambia habari za kisima. Alijipa moyo: nani atajali kisima? Alisali sala ambazo hazikuwa na adabu, akimwomba Mungu awasahaulishe watu kulia na kushoto. Sadiyo alishona kigauni cha safari cha mtoto. Yeye aliutazama ule uzi ukiingia na kutoka kwenye kitambaa na akashindwa kula.

Majina yalipobandikwa, kati ya watu wote wa Mwayuni, wa kweli na wa kubandika, lilikuwamo moja tu: mjane wa Haji Obo.

Hilaire, Mkongomani aliyekuwa mkalimani wa mahojiano yale, alimjia mzee mtoni baada ya siku mbili. Hakupaswa kuja. Alivua kofia, akabaki amesimama nje ya mawe.

"Mzee, niko na neno, inanilemea," alisema. "Ule bwana wa kuuliza maswali alikuwa na kitabu. Kitabu ya mama fulani alichimbaka kule kwenu. Ndani iko ramani. Watu kumi na mbili, wote wanasema kisima kushoto, kushoto, kama wimbo. Kwa ramani iko kulia. Akajua wamefundishwa kwa mutu mumoja."

"Najua," Mohamedamin alisema. "Kosa la kisima ni langu."

"Hapana, mzee. Kisima ni ya mwisho. Swali ya kwanza ilikuwa: ulipotembelea nyumba ya mfalme, ulifanya nini? Ile mama muzee akajibu: nilinawa miguu, nikapiga hodi mara tatu, nikarudi kwetu. Akaulizwa ndani kuko namna gani. Akasema, mimi nitajuaje, nani alinikaribisha? Bwana akafunga kitabu, akamushika mukono. Ni hivyo imeandikwa, mzee. Mutu ya Mwayuni haingiaka. Anayeingia, si wa kule."

Mohamedamin hakuuliza nani alimwambia yule mama wa Kizungu habari za hodi. Alikumbuka vizuri. Walikuwa wamekaa kivulini wakila tende, akamweleza yote kwa raha, na mama yule akaandika, akamuuliza hodi inaandikwaje.

"Na binti yangu alijibu nini?"

"Alikawia sana kujibu," Hilaire alisema. "Nikazani atasema ile ya hodi. Kisha akasema, niliingia."

Jioni alimweleza Sadiyo yote, kisima na kitabu na hodi. Hakuficha kitu, alikuwa hana tena pa kufichia. Sadiyo alikuwa anakunja kile kigauni. Alikikunja mara nne, akakitia chini ya sanduku, akafunika.

"Nilipiga hodi, baba," alisema. "Ungenyamaza tu, ningerudi nyumbani."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, mzee angepata pa kushika. Alienda kuteka maji, akarudi, akampakulia chakula chake kama kila siku, na tangu siku hiyo alimtunza baba yake bila kasoro hata moja na hakumwimbia tena mtu yeyote.

Mohamedamin alishuka mtoni alfajiri na kusudio la kuyatupa mawe yote. Akai alikuwa pale na ufito wake mrefu wenye ndoano, anatikisa matawi ya mgunga, mbuzi wanagombania matunda chini. Mzee alisimama akautazama ule mti. Shina lake halikuwa pana. Mtoto angeweza kulikumbatia.

Aliokota mawe ya kisima kutoka upande wa kushoto, mawili mawili, akayavusha. Akayapanga duara kulizunguka shina. Kumi na nne tu, na yalitosha, wala hakuugusa mti. Akai aliacha kutikisa akamtazama.

"Hiyo sasa ni nini?"

"Kisima."

"Kisima iko na mti ndani?" Akai alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. "Si ungeweka hivyo tangu siku ile. Mimi nilikataza kukata. Kuzungusha mawe sikukataza."

Mzee aliinama akalisawazisha jiwe la mwisho. Siku ile aliona aibu, ndiyo sababu. Kisima chenye mti ndani si kisima, na wageni wangecheka.

Jua lilipopanda Istahil alishuka peke yake, akipapasa njia kwa nyayo. Wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Alipita langoni, akahesabu ukutani, akageukia kushoto kama alivyozoea, hatua nne, akachutama kukaa juu ya ukingo wa kisima. Akakalia mchanga. Alipapasa huku, akapapasa kule, mikono ikaenda mbali zaidi na zaidi, na kwa mara ya kwanza ndani ya kasri lile mtoto akapotea.

"Babu!" aliita. "Babu, kisima hakipo. Nani amekihamisha?"

Mzee Mohamedamin alivua kofia ya serikali akaiweka chini, akaenda akamshika mikono yote miwili.

"Mimi," alisema.